Madiwani Kigoma Ujiji, fashifashi za mtaani sasa basi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niwafikie madiwani wa Manispaa ya Kigoma Ujiji na wananchi wenzangu wa huku mwisho wa reli. Jambo lenyewe ni hizi fashifashi, wengine wanasema fataki, ambazo zamani tulikuwa tunazisikia mkesha wa mwaka mpya tu, sasa hivi kila harusi, kila sendofu, kila timu ikichukua kombe, mpaka besdei ya mtoto wa miaka mitatu watu wanalipua, na wanalipua saa wanayotaka wao, nje ya mlango wa mtu aliyelala.

Nafuatilia sana habari za nje na nimeona miji midogo kabisa, siyo majiji, mabaraza yao yanakaa yanabishana wapige marufuku au waache. Italia kuna kamji kanaitwa Collecchio, wao walishaamua fataki ziwe zile za kelele ndogo tu. Uholanzi bunge lao mwaka 2025 limepitisha sheria ya kumzuia raia wa kawaida kupiga fataki mwenyewe, na hao Waholanzi walikuwa wanazipenda hasa. Kule hoja ni mbwa wanakurupuka wanapotea, wazee hawalali, watoto wanaungua vidole, na upande wa pili wenye maduka wanalilia mauzo. Hoja zote hizo na sisi tunazo. Ila Kigoma tuna nyingine ambayo kwa mimi inazizidi zote na wala sijasikia mtu akiisema hadharani, nayo ni historia ya watu tunaoishi nao.

Mkoa wetu umepokea watu waliokimbia bunduki kwa miaka mingi sana. Warundi wa 1972, Warundi wa 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa, Wakongo wa 1996 ndo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa, alafu Warundi tena 2015, wakati ule meli ya Liemba inapiga safari za Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi, kuwachukua watu na uwanja wetu wa Lake Tanganyika umejaa wamama wana watoto mgongoni na mabeseni kichwani, nadhani kila mtu mzima wa mjini hapa anaikumbuka picha ile. Siyo wote waliobaki kambini. Wapo walioolewa huku, wapo waliopata uraia, wapo wanaofanya biashara ya kuvuka na boti kwenda Kalemie, Baraka na Uvira huko Kongo kila wiki, na mwanzoni mwa 2025 miji ya Kongo ya Goma na Bukavu ilipochukuliwa na waasi kuna nyumba za hapa hapa Ujiji zilikesha kwenye simu zikitafuta ndugu. Mtu wa namna hiyo ukimlipulia fataki usiku bila kumwambia unafikiri yeye anasikia sherehe?

Mimi jirani yangu huku Buzebazeba ni bibi mmoja wa Kibembe, alivuka kutoka Kongo na vita ya 1996, mtu wa watu, mtaa mzima tunamheshimu. Kuna usiku narudi zangu kazini kuna harusi nyumba ya tatu wakaanza kulipua, siyo mkesha wala nini, ni usiku wa kawaida tu wa Jumamosi. Nikaona kwake giza na mlango uko wazi nikaingia kumuangalia. Jiko la mkaa kalimwagia maji na ubwabwa wenyewe uko nusu haujaiva, mlangoni kuna kitenge kimefungwa furushi, ndani kuna unga, sufuria ndogo na bahasha ya vyeti vya wajukuu, na yeye yuko chini ya kitanda amewakumbatia wale watoto. Watoto wenyewe wamezaliwa hapa hapa hospitali ya Maweni, vita hawaijui, mmoja alikuwa anacheka anadhani bibi anacheza nao. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, baba, zima hiyo tochi, watatuona. Nilikaa naye pale sakafuni mpaka zilipoisha. Nikamwambia bibi ni harusi, ni harusi ya kwa mzee pale, akawa anaitikia kwa kichwa lakini ile mikono haikuwaachia watoto.

Asubuhi alifagia uwanja akanisalimia kama kawaida na hakuna aliyeongelea habari ile, wala mimi sikumuuliza. Na wenye harusi ni watu wazuri tu, ni majirani, nina uhakika wangejua wasingelipua, au angalau wangemtumia mtoto akamwambie mapema. Hapo ndo hoja yangu ilipo. Hakuna ubaya wa nia, ila hakuna utaratibu, kila mtu anajiamulia. Huyo bibi angeambiwa mchana kwamba saa sita kamili usiku kutakuwa na milipuko kwa dakika kumi sehemu fulani alafu basi, angejipanga, angekaa na watu, kisingekuwa kishindo kinachotoka kusikojulikana.

Sasa watasema huyu jamaa hapendi raha. Jamani mimi nakula kwa sherehe. Kazi yangu ni kufunga muziki na taa kwenye kumbi, mwezi wa sita mpaka wa tisa sipumziki, msimu wa harusi ndo ada za watoto wangu. Na kwa sababu niko ndani ya kumbi kila wikiendi naona mambo ambayo mgeni mwalikwa aliyekaa mezani na soda yake hayaoni. Ukumbi umepambwa vitambaa toka darini mpaka sakafuni, satini na shifoni, ni nyuzi za plastiki zile zikishika moto zinayeyuka zinadondoka zinawaka. Alafu anakuja kijana na mashine za cheche anaziweka mbili huku mbili huku pembeni ya meza ya keki, nusu mita kutoka kwenye kitambaa. Nyuma kuna jenereta na dumu la petroli limekaa hapo hapo. Mlango wa nyuma umezibwa na meza za chakula. Watu mia tatu wanatumia mlango mmoja wa mbele. Nimeshawahi kuzima muziki nikakataa kuendelea mpaka wazisogeze na nikanuniwa na MC usiku mzima, na nitafanya hivo tena.

Brazil, mji wa Santa Maria, tarehe 27 Januari 2013, klabu moja ya usiku inaitwa Kiss, wanamuziki waliwasha fataki ya cheche jukwaani, ikagusa sponji ya darini. Walikufa watu 242, wengi vijana wa chuo, na wengi wao ni moshi ndo uliwaua wakigombania mlango. Kila nikiona zile mashine ukumbini naihesabu milango.

Hata vile vijiti vya kuchomeka kwenye keki ambavyo watu wanaona ni vya watoto, vile vinavyomwaga nyota nyota, joto lake linapita nyuzi 1000, na maji yanachemka kwa 100. Tunawapa wale watoto wadogo wanaomtangulia bi harusi, wamevaa magauni ya neti, tunawaambia wachezeshe mkono huku kamera inachukua.

Na kelele. Shirika la Afya Duniani limeweka kwamba mlipuko unaofika kwenye sikio la mtoto usizidi desibeli 120, mtu mzima 140, na fataki kubwa ikilipuka karibu inapita hapo kirahisi. Baa ikipiga muziki usiku NEMC, wale wa baraza la mazingira, wanakuja wanapima na kuifungia, nimeshaona hizo habari na naunga mkono, sasa kwa nini kishindo kinachotikisa bati la nyumba ya mzazi aliyejifungua juzi kiwe ni cha kuvumilia?

Kuna pia la madukani. Nenda sokoni mwezi wa kumi na mbili uangalie zinakaa wapi, ziko shelfu moja na viberiti, chini kuna mafuta ya taa, juu magodoro, na mwenye duka analala humo humo na familia. Ndani ya ile karatasi nzuri ya rangi ni baruti, yaani chumvi ya potasiamu, salfa na unga wa mkaa, pamoja na madini yanayotoa rangi. Ghala la fataki lililokuwa katikati ya nyumba za watu mji wa Enschede kule Uholanzi lililipuka tarehe 13 Mei 2000 likaua watu 23 na kufagia mtaa mzima, na wao wana magari ya zimamoto ya kutosha na barabara ya lami mpaka mlangoni. Sisi kuna vichochoro vya Ujiji bajaji yenyewe inapita kwa kubembeleza. Pale Kibirizi ndo usiseme, boti za injini na madumu ya petroli yamepangwa mchangani, na mkesha vijana wanaenda kulipulia pale pale eti kwa sababu ufukweni pako wazi.

Watoto ambao hawana hela ya kununua wanatengeneza zao. Wanachukua spoku ya baiskeli, wanakwangua vichwa vya kiberiti wanashindilia kwenye kile kichwa cha spoku, wanatia msumari wanagonga ukutani. Wanaiga wakubwa. Ukimkataza anakuuliza mbona kaka fulani analipua, na unakosa jibu.

Najua kuna wasomaji watasema sheria ipo tayari. Ni kweli ipo, Sheria ya Baruti ni ya mwaka 1963 na inataka kibali, na polisi kila mwisho wa mwaka wanatangaza marufuku ya kulipua fataki bila kibali na kuchoma matairi barabarani. Tatizo ile sheria iko mbali na mtaa. Mtendaji wa kata akimkuta mtu anauzia fataki watoto hana karatasi mkononi ya kumwambia kwa hili unalipa faini, anabaki kumuomba kwa heshima. Ndo maana nasema hii ni kazi ya baraza la madiwani. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za miji ya mwaka 1982 inawapa uwezo wa kutunga sheria ndogo, wananchi watangaziwe watoe maoni, ipande kwa waziri, itoke kwenye Gazeti la Serikali. Ni safari ndefu ndo maana naandika mapema, wakisubiri Desemba watakuwa wamechelewa.

Nikiulizwa iandikwe nini nitasema hivi. Kuuza rejareja dukani na mezani sokoni, marufuku. Kulipua kwenye makazi, marufuku, awe tajiri awe maskini, awe mgombea aliyeshinda au timu iliyochukua ubingwa, maana ukianza kuwaruhusu wakubwa tu hiyo sheria itakufa siku hiyo hiyo. Ndani ya ukumbi cheche za aina yoyote marufuku, na mwenye ukumbi ndo aulizwe kwanza kabla ya bwana harusi. Alafu manispaa iandae fataki za watu wote mara moja kwa mwaka, mkesha wa mwaka mpya, wapige watu wenye ujuzi na kibali, zimamoto wakiwepo, sehemu moja iliyo mbali na nyumba, saa ijulikane na muda wa kumaliza ujulikane. Siyo juu ya ziwa lakini. Najua ingependeza, mwanga ule kwenye maji, ila yale masalia yote yanadondoka majini na Tanganyika ndo tunayokunywa, ni ziwa la pili kwa kina duniani na maji yake yanachukua mamia ya miaka kubadilika, kilichoingia mle kimeingia.

Wanaouza fataki wengi nawafahamu, ni vijana wanaotafuta, siyo wahalifu. Mzigo wa Desemba ni wa msimu, kwa hiyo wapewe muda wa kumaliza walichonacho kwa kukirudisha kwa wa jumla, siyo mgambo wavamie na kumwaga bidhaa za mtu. Na kwetu sisi wa masherehe, taa zipo, kuna mashine za moshi wa baridi, kuna ngoma, kuna tarumbeta, kuna vigelegele vya akina mama wa Kimanyema ambavyo mimi sijawahi kuona fataki ikavifikia. Harusi za Kigoma zilikuwa zinanoga kabla ya hizi boksi kuletwa.

Naomba na hili la mwisho. Hiyo siku ya fataki za manispaa ikipangwa, tangazo lianze wiki nzima kabla, redio za hapa, misikitini baada ya swala, makanisani, gari la matangazo lipite Gungu, Katubuka, Kasingirima, Bangwe, lisiishie Mwanga tu. Likabandikwe na Kibirizi pale wanaposhukia abiria wa boti, kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa. Na wenyeviti wa mitaa wanawajua wazee wao waliopita vitani, wawapitie nyumba kwa nyumba siku hiyo mchana wawaambie saa.

Fundi muziki,
Buzebazeba, Kigoma Ujiji