Jokofu lisilo na mota si chuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanunuzi wa chuma chakavu, pamoja na wanaowauzia, hapa Masasi na wilaya jirani. Majokofu ya zamani ya mafuta ya taa, yale yenye tangi na utambi chini, yanatolewa stoo, yanapakiwa kwenye guta na kwenda kukatwa kwa grenda. Hivi karibuni kijana mmoja jirani na karakana yangu alikata bomba la nyuma la jokofu la aina hiyo, amonia, kemikali kali inayochoma macho na pua, ikamrukia usoni. Tulimmwagia maji ndoo kwa ndoo mpaka akaweza kufumbua macho, ndipo akapelekwa hospitali. Aliyemtuma alikuwa amemwambia kwamba halina kitu ndani, kwa kuwa halina mota.

Hapo ndipo watu wanapoponzwa. Mota haipo kwa sababu haihitajiki. Baltzar von Platen na Carl Munters, wanafunzi wawili wa uhandisi huko Stockholm, Sweden, waliubuni mfumo huu mwaka 1922, na mpaka leo mimi nikiutazama ukifanya kazi moyo wangu hufurahi.

Ndani ya mabomba yale ya chuma, yaliyochomelewa na kuzibwa kabisa kiwandani, mna maji, amonia na haidrojeni. Moto wa utambi huchemsha maji yenye amonia, mapovu yakapanda kwenye kibomba chembamba yakiwa yamebeba maji, kama uji unavyopanda sufuriani. Hiyo ndiyo pampu, hakuna nyingine. Mvuke wa amonia huendelea hadi mabomba ya juu nyuma, hupoa na kuwa majimaji, kisha huteremka kwa uzito wake hadi penye barafu. Huko hukutana na haidrojeni. Mgandamizo wa mfumo mzima ni zaidi ya mara kumi ya ule wa hewa tunayovuta, lakini sehemu kubwa ya mgandamizo huo hubebwa na haidrojeni. Amonia hubakiwa na kidogo tu, kwa hiyo hugeuka mvuke hata kwenye baridi kali, ikinyonya joto la vitu vilivyomo. Mchanganyiko huo ni mzito kuliko haidrojeni tupu, basi hushuka. Chini, maji huimeza amonia na kurudi nayo motoni, nayo haidrojeni, ikiwa nyepesi tena, hupanda. Mzunguko hauishi maadamu moto unawaka.

Kwa kuwa kila kitu humo hutembea kwa uzito na wepesi wake, jokofu likiinama kidogo tu majimaji hutuama na baridi hukata. Mzee wa Kimakua aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, hakuwahi kugusa utambi kabla hajaweka pimamaji juu ya jokofu. Mengi ninayoletewa kama mabovu yalisimamishwa tu kwenye sakafu isiyo sawa, au bomba lake la moshi limejaa masizi.

Sisemi majokofu haya yarudishwe zahanati kutunza chanjo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na majokofu haya ni magumu kuyashika hapo: usiku wa baridi yanaweza kugandisha, mchana wa jua kali yakazidiwa. Kutumia ya sola zahanati ni uamuzi sahihi. Lakini muuza samaki na mwenye duka kijijini, ambako nguzo za umeme hazijafika, jokofu hili bado lingewafaa. Tena sisi ni watu wa mkoa ambao gesi yake, ya Mnazi Bay, iligunduliwa mwaka 1982. Gesi ni moto, ndiyo maana inaniuma kuona vijana wetu hawajui kwamba moto unaweza kutengeneza barafu. Ninawaomba VETA, wenye vyuo vya ufundi, wawafundishe mafundi friji mfumo huu pia, si ule wa kompresa, yaani wa mota, peke yake.

Kwa aliye na jokofu la namna hii: usilikate wala usilitoboe, na usikubali fundi achomelee mabomba yake, maana haidrojeni inalipuka. Ukiona doa la njano kwenye viungo vya mabomba, au ukisikia harufu kali inayochoma pua, mfumo umevuja. Zima moto, fungua milango na madirisha, ondoa watoto, kisha muite fundi anayeijua amonia.

Fundi majokofu,
Masasi, Mtwara