Anayedai ushahidi ndiye aliyeukalia

Ndugu Mhariri,

Kila uchaguzi unapolalamikiwa, msemaji wa chama tawala husimama na neno lake lilelile: mwenye ushahidi aulete. Nimelikuta tena kwenye safu yako ya maoni, na mwandishi wake analiona neno la haki. Mimi niliwahi kuwa wakala wa chama katika kituo cha kupigia kura, na tangu siku hiyo kila nikilisikia moyo unaniuma.

Wengi hudhani kura huibwa ndani ya sanduku. Usiku ule tulikuwa mawakala watatu, tumeizunguka meza yenye taa ya betri. Msimamizi wa kituo alikuwa mtu mwadilifu. Kila karatasi aliinyanyua, akatuonyesha, akataja jina, ndipo akaiweka kwenye fungu lake. Tulibishana juu ya kura moja tu, ambayo alama yake iligusa visanduku viwili, tukakubaliana imeharibika. Karibu saa sita tukasaini. Nikaomba nakala yangu ya fomu ya matokeo. Akaniambia, huku akikwepa macho yangu, kwamba nakala zimekwisha. Na ile ya kubandika mlangoni? Ameambiwa asubiri maelekezo. Nikaandika tarakimu nyuma ya barua yangu ya utambulisho, nikaenda nyumbani. Siku mbili baadaye jumla ya jimbo ikasomwa kwa mkupuo, bila mchanganuo wa vituo. Mpaka leo sijui kura tulizozihesabu ziliingizwaje mle. Na karatasi yangu, isiyo na mhuri wala saini ya mtu, haikuwa ushahidi wa chochote.

Najua mchezo huanza mapema zaidi. Wagombea huenguliwa kwa kosa dogo la kujaza fomu, mawakala huapishwa dakika za mwisho au hukataliwa mlangoni, redio na televisheni ya umma hugeuka jukwaa la chama kimoja. Hayo yamesemwa sana. Lakini wananchi wakishaamua kweli kweli, hayo hayatoshi, na hapo ndipo chama kilichozoea kukaa Ikulu huhitaji kushika njia iliyopo kati ya mlango wa kituo na ukumbi wa kutangazia.

Tazama Zimbabwe mwaka 2008. Sheria ilikuwa imerekebishwa, matokeo yakatakiwa kubandikwa nje ya kila kituo, na watu wakayapiga picha kwa simu. Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Machi. Tume ikatangaza matokeo ya urais tarehe 2 Mei, zaidi ya mwezi mzima baadaye: Morgan Tsvangirai wa upinzani asilimia 47.9, Rais Robert Mugabe 43.2. ZANU-PF, chama chake Mugabe, ilishindwa kumtangaza Mugabe mshindi kwa sababu karatasi zilikuwa zimeshaonekana. Sisemi karatasi inatosha. Kabla ya duru ya pili wafuasi wa upinzani walipigwa na kuuawa, Tsvangirai akajitoa, Mugabe akapita peke yake. Lakini hapo ilimlazimu kutumia rungu mchana kweupe, mbele ya macho ya majirani zake wote, na hakuna aliyeweza kusema kwamba wapinzani wanalalamika bila ushahidi.

Venezuela, Julai 2024, ni vivyo hivyo. Mashine za kura hutoa karatasi ya matokeo, na wakala ana haki ya nakala. Tume ikamtangaza Nicolás Maduro, Rais aliyekuwa madarakani, kuwa mshindi kwa asilimia 51 bila kuonyesha hesabu ya vituo. Upinzani ukakusanya nakala za zaidi ya asilimia 80 ya vituo na kuziweka hadharani, zikionyesha mgombea wao, Edmundo González, ameshinda kwa tofauti kubwa. Tume haijatoa zake kukanusha. Ushahidi uliletwa, Mhariri, na Maduro akaapishwa Januari 2025.

Kwa hiyo, ukiacha swali la nani anaushika ushahidi, swali la pili ni nani anaupokea. Kwa Katiba ya Tanzania, ibara ya 41(7), tume ikishamtangaza mtu kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Zanzibar mwaka 2015 mwenyekiti wa tume alifuta uchaguzi mzima siku tatu baada ya kura kupigwa, wakati matokeo ya vituo yalikuwa yamekwisha kubandikwa. Ukarudiwa Machi 2016, chama cha upinzani CUF kikasusia, na mgombea wa CCM akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 91. Mlalamikaji wa hapo unamwambia apeleke ushahidi wapi?

Penye mlango, watu huupitia. Malawi, majaji watano walizikagua fomu zilizopakwa wino mweupe wa kufutia makosa, na Februari 2020 wakabatilisha ushindi wa Rais Peter Mutharika. Uliporudiwa Juni, Lazarus Chakwera akashinda. Kenya mwaka 2022, fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, kila mwenye simu akaweza kujumlisha. Aliyeshindwa alikuwa ndiye anayeungwa mkono na Rais aliyekuwa madarakani. Alikwenda Mahakama ya Juu, fomu zikapitiwa, matokeo yakathibitishwa.

Naliomba gazeti lako jambo moja. Siku ya uchaguzi waandishi wengi hurundikana kwenye ukumbi wa kutangazia, wakisubiri mwenyekiti afungue bahasha. Wapelekeni milangoni. Wapige picha kila fomu iliyobandikwa, na pale ambapo haikubandikwa waandike jina la kituo na saa. Kisha chapisheni zote, tarakimu kwa tarakimu, kabla jumla haijasomwa.

Wako,
Aliyekuwa wakala