Vifaa vya saluni za kucha Nakuru vikaguliwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze jambo linalowagusa wengi wetu tunaotengenezwa kucha katika saluni za hapa Nakuru, ambalo naamini maafisa wa afya ya umma wa kaunti wanaweza kulirekebisha wakiamua.

Hivi majuzi niliingia katika saluni moja ya katikati ya jiji, ambayo sitaitaja, niondolewe jeli ya zamani na kupakwa nyingine kabla ya harusi ya binamu yangu. Bei niliyopewa kwa simu ilikuwa imepanda nilipofika, kwa madai kwamba kuondoa jeli hutozwa kando. Hilo nililimeza. Lililonishinda ni nilichokiona mezani. Fundi alipomaliza kumhudumia mama aliyenitangulia, alichukua koleo dogo la kukatia ngozi ya ukingo wa kucha, akalipangusa kwa kitambaa kilekile alichofutia vumbi la meza, kisha akaushika mkono wangu. Nilipouliza vifaa husafishwa vipi, alinielekeza kwenye kisanduku cha taa ya samawati kilichokuwa wazi, na ndani yake mlikuwa na chaja ya simu. Hata kama kingekuwa kinatumika, mwanga huo haufiki katika maungio ya koleo, ambamo uchafu hujificha. Kifaa cha chuma kinapaswa kusuguliwa kwa sabuni na maji, kisha kipitishwe katika mtambo wa mvuke wa shinikizo kama ule wa hospitalini, au angalau kiloweshwe katika dawa ya kuua viini kwa muda ulioandikwa kwenye chupa.

Jeli yenyewe hakuilowesha kwa asetoni hadi ilegee. Aliibandua kwa ncha ya chuma, ikatoka na tabaka la kucha yangu, kisha akapitisha mashine ya kusaga hadi nikahisi moto, na kidole kimoja kikatoka damu. Meneja aliponiona nikikunja uso alisema, “Dada, hiyo ni kawaida, ni kucha zako tu zilizo laini.” Siku ya harusi kidole hicho kilikuwa kimevimba na kutunga usaha, nikalazimika kwenda zahanati.

Usaha ni balaa dogo. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, tena katika tone la damu lisiloonekana kwa macho, na ndiyo maana koleo linalotoka kidole hadi kidole bila kusafishwa linanitia hofu kuliko rangi iliyopakwa vibaya.

Simlaumu sana yule binti. Wengi wa mafundi hawa hulipwa kwa idadi ya wateja, hivyo kila dakika ya kusafisha vifaa huwapunguzia riziki, na wa kununua seti ya pili ya vifaa ni mwenye saluni. Huyo ndiye anayepaswa kubanwa.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na ya kulindwa afya yake. Katiba hiyohiyo imezikabidhi serikali za kaunti huduma za afya pamoja na utoaji wa leseni za biashara, kwa hivyo hakuna wa kurushiana lawama na mwenzake. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, na saluni zimeota kila kona, nyingine ngazini mwa majumba ya biashara. Naiomba kaunti, kabla ya kutoa leseni mpya kwa saluni yoyote ya kucha, imtume afisa wa afya aombe kuonyeshwa vifaa vinavyosafishiwa na dawa inayotumika, na arudi tena mwaka ukiwa katikati bila kutoa taarifa.

Msomaji wako,
Section 58, Nakuru