Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maandalizi ya Dharura Angani kwa Ndege Ndogo

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na mambo ya hanga mtayakuta kwenye kumbukumbu za kamati. Muda wangu nautumia kwa jambo moja. Mazoezi ya dharura kwenye ndege zetu za injini moja bado yanafanywa kana kwamba tunarukia Dar es Salaam, usawa wa bahari. Sisi tunarukia uwanja wa Songwe, Mbeya, karibu futi 4,400 juu ya bahari, na Nduli, Iringa, karibu futi 4,700.

Mchana wa nyuzi joto 28 pale Songwe, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 7,000. Injini isiyo na turbo imeshapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kabla magurudumu hayajaanza kukimbia. Ukisukuma hendeli ya mafuta (inayopima mafuta yanayochanganywa na hewa) mpaka mwisho kama ulivyozoea pwani, injini inalewa mafuta, inatetemeka, na unapoteza nguvu nyingine tena. Baadhi ya "hitilafu" zinazoripotiwa baada ya kuruka chanzo chake ni hiki tu. Mafuta yapunguzwe kabla ya kuruka kwa kufuata kitabu cha ndege, na rubani akumbuke hivyo pia anapoghairi kutua na kupanda tena, maana hapo ndipo mkono husukuma kila kitu mbele bila kufikiri.

Sasa injini ikizimika mara baada ya kuruka. Kishawishi ni kugeuka urudi uwanjani. Kwa Cessna 172, noti 65 (maili za baharini kwa saa) kwenye kipimo cha kasi zinakuwa karibu noti 72 za kasi halisi katika hewa hiyo, na duara la kugeuka linapanuka kwa karibu robo. Ardhi inaonekana kukimbia haraka, rubani anadhani ana kasi ya ziada, anavuta pua juu. Ukilaza bawa nyuzi 45, kasi ambayo mabawa yanaacha kubeba ndege inapanda kwa asilimia 19. Mambo hayo matatu yakikutana chini ya futi mia chache, hakuna nafasi ya kusahihisha. Shusha pua kwanza, shika kasi, tua mbele ukikwepa kidogo kushoto au kulia. Urefu ambao chini yake hutageuka uutamke kwa sauti kabla ya kuachia breki.

Injini kupungua nguvu bila kuzimika tunaifanyia mazoezi kidogo mno. Wachunguzi wa ajali wa Australia walibainisha kwamba wakati wa kuruka na mara baada yake, hali hiyo hutokea mara tatu zaidi ya kuzimika kabisa. Inadanganya kwa sababu injini bado inanguruma, na rubani anaahirisha uamuzi huku kasi ikiliwa. Mtindo uwe ule ule: shika kasi ya kuteleza, chagua mahali, kisha ndipo utafute tatizo. Swichi ya tangi, hendeli ya mafuta, pampu, magneto (mitambo ya kutoa cheche), na joto la kabureta, yaani hewa ya moto ya kuyeyusha barafu ndani yake. Hilo la mwisho ulivute lote. Barafu ikianza kuyeyuka injini hutetemeka zaidi kwa muda, na wengi hulirudisha mapema wakidhani wamekosea. Lisirudishwe.

Juu ya uwanda wa Usangu au Mufindi, someni kimo kutoka ardhini. Futi 9,500 juu ya ardhi ya futi 5,500 ni futi 4,000 tu: injini ikizimika utateleza karibu maili 6 za baharini bila upepo, kwa dakika tano hivi. Mashamba ya mpunga yaliyovunwa yanavutia, lakini kingo za majaruba huvunja gurudumu la mbele. Tua sambamba nazo. Chai kutoka juu huonekana kama zulia, ila mashina yake ni magumu. Barabara kuu ina malori na nyaya. Kwenye mteremko, tua ukipanda mlima. Mwito wa dharura ni kwenye masafa ya redio unayotumia au yale ya dharura, megahezi 121.5, transponda (chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada) iwekwe namba 7700, na mlango ufunguliwe komeo kabla ya kugusa ardhi ili usibanwe na fremu ikipinda.

Kati ya Kyela na Mbeya adui ni mawingu. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa inapanda Rungwe na Livingstone, na bonde linaweza kufunga mbele yako na nyuma yako. Ruka ukiegemea upande mmoja wa bonde, usikae katikati: kwa noti 90 za kasi halisi, bawa likilala nyuzi 30, kugeuka kunahitaji upana wa karibu mita 760. Geuka ungali unaona njia ya kurudia.

Kuhusu namna ya kufundisha, kamati ina msimamo. Mkufunzi apunguze nguvu tu, asifunge mafuta, na injini ipewe nguvu kidogo kila futi 500 isipoe. Asitangaze zoezi. Hatua za kwanza zifanywe kwa kumbukumbu, orodha ya ukaguzi isomwe baadaye kuthibitisha, na kila rubani akae kwenye ndege iliyozimwa, macho yamefungwa, aguse kila swichi mpaka mkono uijue. Zoezi hilo halina gharama ya mafuta, na kulikosa hakuna udhuru.

Ninaomba mkutano uidhinishe mambo mawili kwa mwaka ujao: zoezi la nguvu pungufu liwe sharti kabla ya mwanachama kukodi ndege ya chama, na vyombo vya kutoa ishara baada ya ajali vinavyotumia 121.5 peke yake vibadilishwe kuwa vya megahezi 406, ambazo setilaiti husikiliza. Setilaiti ziliacha kusikiliza 121.5 tangu Februari 2009. Ndege ikiangukia nyanda za juu za Kitulo na chombo cha zamani, itasikika tu kama kuna ndege nyingine inapita juu na redio yake iko kwenye masafa hayo. Bei alizopata fundi wetu zimo kwenye karatasi ya pili.