Barua kwa Baba Neema: Tuwapake Rangi Watu wa Mangi Meli

Majengo, Moshi

Mpendwa Baba Neema,

Salamu nyingi zikufikie hapo Sakina, Arusha, pamoja na Mama Neema na watoto. Sisi huku wote wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza, vumbi limetulia, na sasa mtu anaweza kuacha kinyago kibichi mezani, hivi visanamu vyetu vya mchezo wa vita, bila rangi kushika mchanga.

Picha za zimwi lako zimefika. Nimezikuza kwenye simu mpaka nikaona kila jino. Ile fizi uliyoipaka nyekundu iliyokolea, halafu ukapitisha zambarau nyepesi kwenye mashina ya meno, imenifanya nimwite mke wangu aje aone. Hiyo ni kazi, kaka.

Sasa nikujibu swali lako, maana ndilo lililonikalisha niandike barua badala ya kukutumia ujumbe wa sauti. Umeuliza kama uagize boksi jingine la mashujaa kutoka Uingereza ili mazimwi yako wapate wa kupigana nao. Mimi nakuomba usiagize. Lile boksi la wapiga mikuki ulilonalo linatosha. Tuwageuze wawe watu wa Mangi Meli, yule mtawala wa Kichaga.

Habari zake unazijua kwa juu juu, kama wengi wetu tulivyosoma. Meli alishika uongozi wa Moshi mwaka 1891, baba yake Rindi alipofariki. Juni 1892 Wajerumani wakapanda kumpiga, wakiongozwa na Albrecht von Bülow. Watu wa Meli wakawashinda, von Bülow mwenyewe akauawa, na waliosalia wakarudi nyuma. Ilibidi Mjerumani mwingine, von Schele, aje na jeshi kubwa zaidi, Agosti 1893, ndipo Meli akazidiwa. Machi 2, 1900 wakamnyonga pale Old Moshi pamoja na viongozi wengine wa Kichaga na Kimeru. Mapigano ya 1892 yanafaa sana kwa meza yetu. Upande mmoja una askari wachache wenye nidhamu na silaha nzuri, upande wa pili wenyeji wengi wanaojua kila bonde, wenye mikuki na bunduki pia. Na uwanja wake ni migomba, makorongo na mifongo, ile mifereji ya kumwagilia mashamba. Meza ya namna hiyo hakuna atakayetuuzia, lazima tuijenge wenyewe.

Kugeuza vinyago ni desturi ya mchezo huu tangu zamani. Warhammer, ule mchezo wa Kiingereza wa vita vya mezani, ilipotoka mwaka 1983 vinyago vilikuwa vya chuma, na mtu aliyetaka mkono ukae vingine alishika msumeno mdogo, akatoboa, akaunga kwa waya. Sisi tumerahisishiwa. Wapiga mikuki wako ni plastiki ngumu, mikono na vichwa vimekuja peke yake, na gundi ya plastiki huyeyusha kidogo pande mbili zikashikana zikawa kitu kimoja. Usichanganye na wale askari wa kuchezea watoto wanaopatikana kwenye mitumba hapa Memorial. Wale ni plastiki laini, gundi hiyo haiwashiki, na ukiwakunja rangi inabanduka.

Anza na deraya. Ichonge kwa wembe taratibu, kisha piga msasa laini mpaka kifua kiwe wazi. Kwa nguo tumia ule udongo wa gundi wenye sehemu mbili, bluu na njano, unaoukanda mpaka uwe kijani kimoja. Lowesha kifaa chako kwa maji usigande, tandaza utepe mwembamba kutoka bega moja kushuka kiunoni, na umepata vazi la ngozi. Wengine wavike merikani, maana vitambaa vya biashara vilikuwa vimeshafika mlimani. Kanda kidogo kidogo. Huku Moshi joto linaufanya ukauke upesi kuliko huko kwenu, na ukikanda pande kubwa nusu yake utaitupa.

Mikuki ya plastiki ya kwenye boksi ikate yote uitupe. Chukua waya wa shaba kutoka kwenye kipande cha waya wa umeme, unyooshe, ugonge ncha yake kwa nyundo mpaka ibapae, halafu uichonge kwa tupa. Fanya bapa lake refu na pana, kwa sababu wapiganaji wa hapa wakati ule walibeba mikuki inayofanana na ya Kimaasai, na wahunzi wa Kichaga walikuwa mafundi wa kuifua. Ngao utaipata kwenye kopo la soda: kata umbo la yai, ulikunje kidogo juu ya penseli, uweke mfupa wa katikati kwa udongo ule ule.

Nije kwenye ngozi, maana hapa ndipo penye moyo wa kazi yenyewe. Masomo mengi ya kupaka uso yameandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Yakifika kwetu yanakuwa mafupi: paka kahawia, tia nyeusi kwenye kivuli, tia nyeupe kwenye mwanga, umemaliza. Ukifuata hivyo unapata mtu mwenye uso wa majivu, kama mgonjwa. Nyeupe ikiingia kwenye kahawia inaua wekundu wake, na nyeusi inazima kila kitu ilipogusa. Sisi tunaoishi na nyuso hizi tunajua hazina rangi hiyo.

Fanya hivi. Rangi ya chini iwe kahawia iliyokolea yenye tone la bluu. Kivuli chini ya kidevu, kwenye matundu ya macho na kwapani kipate kahawia ile ile iliyoongezwa zambarau. Mwanga uupandishe kwa chungwa, kisha kwa njano ya udongo, kidogo mno, kwenye paji, juu ya pua, kwenye mashavu na mabega. Madoa ya mwanga yawe madogo na makali, kwa sababu ngozi nyeusi inang'aa na jua huacha alama yake wazi. Mdomo wa chini upate wekundu kwa ndani. Viganja na nyayo viwe vyepesi zaidi, hili watu wengi husahau kabisa. Na tafadhali usiwapake wote kwa mchanganyiko mmoja. Kaa nje hapo Sakina saa kumi jioni, watu wakitoka kazini, uangalie: mmoja ana wekundu, mwingine ana bluu kwenye paji kutokana na anga, mwingine ni kahawia ya dhahabu. Kikosi kizima chenye ngozi moja hakina watu ndani yake.

Kabla ya hayo yote, kumbuka praima, ile rangi ya kwanza ya msingi. Puliza nyeusi kwanza pande zote, ikikauka puliza nyeupe kidogo kutoka juu tu, jua la saa sita lilivyo. Hapo utaona mapema mwanga unapotua na kivuli kinapokaa, na kazi ya brashi inakuwa nusu. Rangi zenyewe izimue kwa maji iwe nyepesi kama maziwa, upake mara mbili badala ya mara moja nzito. Zisikauke haraka, weka sponji yenye maji kwenye kopo la Blue Band na karatasi ya kuokea keki juu yake, uchanganyie hapo.

Uwanja niachie mimi. Nina mapande ya povu yaliyokuja na friji ya jirani, nimeshaanza kuchonga makorongo. (Povu usilipulizie rangi ya kopo moja kwa moja, linaliwa. Lipake kwanza gundi nyeupe ya mbao.) Migomba ninakata kwenye karatasi nzito, naweka waya mwembamba kwenye mshipa wa jani, halafu nachana kingo zake, kwa sababu jani la mgomba likishapigwa na upepo halibaki zima. Mfongo unapita katikati ya shamba na utawachelewesha askari kuuvuka. Chini ya miguu ya vinyago nitaweka udongo halisi wa hapa, uliochekechwa na kukaangwa kwenye kikaango cha zamani kuua wadudu, na majani ya chai yaliyotumika yakawa majani makavu ya kahawa.

Upande wa Wajerumani nakupa wewe, kwa sababu una mkono mzuri wa nguo. Askari wao wengi walikuwa Wasudani, aliowaandikisha afisa wao Wissmann kule Cairo mwaka 1889. Wape tarbushi na bunduki za Mauser za 1871, zile za risasi moja moja. Baruti yake ilitoa moshi mzito, hivyo vuta pamba kidogo mbele ya mtutu kwa wawili watatu wanaofyatua. Nao wapake nyuso kwa uangalifu ule ule. Walikuwa watu waliotolewa mbali sana na kwao.

Jambo moja sitalikubali: mazimwi wasiingie kwenye mchezo wa 1892. Najua ulikuwa unalifikiria. Watu wale walikufa kweli, na ukoo wa Meli mpaka leo unatafuta fuvu lake, linaloaminika lilipelekwa Ujerumani. Mazimwi tuwachezee siku nyingine, kwenye meza hiyo hiyo, kwa hadithi za msituni walizotusimulia bibi zetu. Hapo zimwi lako atatoka kwenye korongo wakati kina mama wanachota maji, na mimi nitakuwa na vijana wanne wenye mikuki. Hilo nalisubiri kwa hamu.

Panda basi Jumamosi yoyote utakayoweza, uje asubuhi. Tupandie Kiborloni kwenda Old Moshi, tuuone mti aliponyongewa, uangalie pia jinsi mabonde yalivyokaa, maana nataka unisahihishe kwenye makorongo yangu. Mchana tutashuka kula, tucheze mpaka jioni.

Ukija niletee brashi nyembamba mbili na kichupa cha bluu iliyokolea, vya hapa vimeniishia na duka langu la vifaa vya shule wanasema mzigo bado. Askari ukiwamaliza wanne tu wanatosha kuanzia. Wafunge mmoja mmoja kwenye sufi, barabara unaijua.

Msalimie sana Mama Neema, mwambie shemeji yake bado anadai ile mbege aliyoahidiwa.

Ni mimi ndugu yako,
Baba Eliya