Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayekwenda Leiden kusomea dini

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Habari za kuchaguliwa kwako Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, zimetufikia, na maneno yameshaanza. Baba yako mkubwa anauliza mtoto aliyekhitimu chuoni kwetu anakwenda kufundishwa dini gani na Wazungu wasiosali. Mama yako hajasema kitu, na unamjua dada yangu akinyamaza. Nimeona nikuandikie hadharani, maana wapo vijana wengine wenye wazee wa namna hiyo, na wapo wazee ambao wangependa kujua hiyo sayansi ya dini, yaani kuzichunguza dini kielimu bila kuhubiri yoyote, ni mdudu gani.

Hofu ya baba mkubwa haikutoka hewani. Mwaka 2017 idara ya takwimu ya Uholanzi ilikuta kwa mara ya kwanza kwamba wanaojihesabu katika dini yoyote hawafiki nusu ya watu wa miaka 15 na zaidi. Ila somo lenyewe halikuanzishwa na wasiosali. Lilianzishwa na wachungaji.

Wa kwanza kutajiwa utakapofika darasani atakuwa Cornelis Petrus Tiele, aliyezaliwa hapo hapo Leiden mwaka 1830. Alikuwa mchungaji wa Waremonstranti, kikundi kidogo cha Waprotestanti walioachana na kanisa kubwa la nchi zamani sana. Miaka mingi alihubiri Rotterdam, huku akijifundisha mwenyewe lugha za Mashariki ya kale mpaka akaweza kusoma Avesta, kitabu cha dini ya Zarathustra, na mwaka 1864 akaandika juu ya dini hiyo. Mtu anazika, anabatiza, anafungisha ndoa, kisha anarudi nyumbani kuhangaika na vitenzi vya Uajemi. Huyo si adui wa dini.

Kilichompa Tiele kiti cha profesa ni siasa, na hapa naomba uvumilie, kwa sababu ndipo penye utamu. Uholanzi ilikuwa na vyuo vikuu vya serikali Leiden, Utrecht na Groningen, kila kimoja na kitivo cha theolojia kilichowatengenezea wachungaji kanisa la Reformed, ndilo kanisa kubwa la Waprotestanti wa nchi. Katikati ya karne ya 19 kanisa na serikali walikuwa wameshaachana kisheria, na waliberali wakauliza: kwa nini kodi ya Mkatoliki, ya Myahudi na ya asiyeamini ilipe mishahara ya kufundisha itikadi za kanisa moja? Wakataka vitivo hivyo vigeuzwe kuwa vya sayansi ya dini. Wenye kanisa wakakataa. Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1876 ikatoka na mapatano ya ajabu: jina la theolojia likabaki mlangoni, yaliyomo ndani yakagawanywa. Serikali ikachukua historia ya dini (hapo ndipo Tiele alipopata kiti chake), falsafa ya dini, na uchambuzi wa Biblia na wa historia ya kanisa. Mafundisho ya imani yenyewe, na kazi za uchungaji, zikaachiwa maprofesa walioteuliwa na kanisa, wakifundisha katika mji uleule, mara nyingi wanafunzi walewale.

Fikiria kijana wa mwaka 1880 anayetaka kuwa mchungaji. Upande wa serikali anakutana na Abraham Kuenen, anayemwonyesha kwamba vitabu vya Musa vimeunganishwa kutoka maandishi ya nyakati mbalimbali, na Tiele, anayempitisha Misri, Babeli, Uajemi na India. Upande wa kanisa anafundishwa Mungu amesema nini. Wawili hao hawakulazimika kukubaliana, na aliyepaswa kupatanisha ni kijana mwenyewe kichwani mwake. Abraham Kuyper, mchungaji na mwanasiasa, hakutaka kabisa mpango huo. Mwaka huohuo wa 1880 akafungua chuo kikuu chake Amsterdam, kisichotegemea serikali, ambako imani ndiyo ingekuwa msingi wa masomo yote.

Kwa hiyo wakikuambia somo lao halina upande, tabasamu tu. Limezaliwa katika mabishano ya bungeni. Na Tiele mwenyewe alikuwa na ngazi yake ya dini: chini kabisa ziko za mizimu, ambako Afrika yetu iliwekwa karibu yote, na kileleni ziko dini za ulimwengu mzima, Ukristo wa aina yake ukiwa juu zaidi. Mihadhara aliyoitoa Edinburgh mwaka 1896 na 1898 imejengwa juu ya ngazi hiyo. Utaisoma, na utaudhika. Soma hadi mwisho.

Aliyemrithi mwaka 1901 ndiye ninayempenda: W. Brede Kristensen, Mnorwe aliyefundisha Leiden hadi 1937. Hakuwa na haja na ngazi. Alishikilia kwamba dini haieleweki mpaka uione kama anavyoiona mwenye kuiamini, na ukijitungia maelezo ambayo mwenye imani hayatambui, unazungumzia kitu kingine. Gerardus van der Leeuw wa Groningen ndiye aliyesikika zaidi duniani, na kitabu chake kinene cha 1933 utapangiwa tu, kwa hiyo simwendei mbali.

Nikuache kwa muda na Christiaan Snouck Hurgronje, Mholanzi mtaalamu wa Uislamu. Alianza na theolojia akahamia Kiarabu, na tasnifu yake ya 1880 ilihusu hija. Mwaka 1884 alishuka Jidda, akasilimu, au akaonyesha kusilimu (wanabishana mpaka leo), akajiita Abdul Ghaffar, na mwanzoni mwa 1885 akaingia Makka. Alikaa miezi kama sita kabla ya kufukuzwa. Kitabu alichoandika juu ya mji ule ni kizuri kweli: harusi, masoko, darasa za msikitini, watumwa, mahujaji wa kutoka Java waliokuwa raia wa koloni la Uholanzi. Lakini sehemu kubwa ya habari alipewa na Raden Aboe Bakar Djajadiningrat, mtu wa Banten, Java, aliyekuwa akiishi huko, aliyemwandikia hata sira za masheikh. Daktari mmoja wa Makka, naye akiitwa Abdul Ghaffar, alimtumia picha za Haram na za mahujaji; zikachapishwa 1889 bila kumtaja kwa jina.

Kisha elimu hiyohiyo ikaenda vitani. Akiwa mshauri wa serikali ya kikoloni Indonesia, Snouck alishauri kuhusu Aceh, kaskazini mwa Sumatra, ambako Waholanzi walikuwa wakipigana, kwamba maulamaa wanaoongoza mapambano wapigwe bila huruma na watawala wa kimila wavutwe upande wa Waholanzi. Ikafanyika hivyo. Mwaka 1906 akawa profesa Leiden. Mimi simwiti mwanachuoni na jasusi kwa zamu. Alikuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, na hilo ndilo la kujadiliana na walimu wako, si kama walisali Jumapili au hawakusali.

Sisi watu wa pwani nasi tumo katika rafu zao. Jan Knappert, Mholanzi mtafiti wa Kiswahili, alipata udaktari Leiden mwaka 1958 kwa kazi juu ya Utenzi wa Herekali, alioutunga Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, akisimulia vita vya Waislamu na Warumi wa mfalme Herekali. Baadaye akachapisha majuzuu ya mashairi ya dini ya Kiswahili. Wapo Waswahili waliomkosoa, na wana haki, ila alisoma tenzi zetu kwa bidii wakati vyuo vingi havikujua zipo. Ukikosa mada ya tasnifu, anzia hapo: chukua utenzi alioushughulikia, upeleke Lamu kwa wanaoughani, uone anasimama wapi mbele yao.

Jambo la mwisho ni la vitendo. Masomo yatakuwa Kiingereza, na watakuambia Kiholanzi si lazima. Usiwasikilize. Mijadala ya bungeni ya 1876 iko kwa Kiholanzi, ripoti za Aceh ziko kwa Kiholanzi, na tasnifu ya Knappert pia. Umebakiwa na muda hadi Septemba. Tafuta mwalimu sasa hivi, na ada ya miezi ya mwanzo nitailipa mimi.

Wasalaam,
Mjomba wako