Viroba viliondoka, visungura vikaja

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni mama lishe, nauza chai na supu pembeni ya kijiwe cha boda huku Mbagala, kwa hiyo haya sijahadithiwa.

Serikali ilivyopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya kwenye vifuko vya nailoni, tarehe 1 Machi 2017 wengi tulishangilia, maana vijana walikuwa wanavificha hadi kwenye soksi. Haya, sasa hivi kuna visungura, kichupa kinaingia mfukoni vilevile, pombe kali ileile, na bei yake wawili wanachangiana. Sasa tuliondoa pombe au tuliondoa mfuko wa nailoni?

Saa 12 asubuhi ndo naweka chai jikoni namkuta kijana anamimina kisungura kwenye chupa ya soda, ukimuuliza anakwambia mama natoa loki tu, yaani uchovu wa pombe ya jana, na hapohapo anakuja mzazi na mtoto wa shule wanapanda hiyohiyo pikipiki. Kuna mmoja simtaji, alikuja mtaani mtanashati, leseni yake anayo, siku hizi asipopata kitu mikono inatetemeka, akichota sukari nusu inamwagikia mezani, chapati anamega mara moja anasukuma sahani. Hesabu ya bosi ikawa haifiki, pikipiki kanyang'anywa, mke karudi kwao. Miaka 24!!

Watu wanasema ooh ni maisha magumu, ajira hakuna. Sikatai, ila huyu hela alikuwa anaingiza, tena nzuri kuzidi mimi, na yote ilikuwa inaishia dukani. Duka lenyewe wala sio baa, linauza unga na pampasi, visungura viko shelfu moja na biskuti, sheria inasema miaka 18 lakini sijawahi kusikia mtu anaulizwa umri, hata mtoto wa darasa la 6 akisema katumwa na baba anapewa.

Ombi langu, hivyo vichupa vidogo viangaliwe kama viroba vilivyoangaliwa, na wanaokagua leseni (mimi na kimeza changu hawanisahau hata siku moja) wasiwe wanapita saa 8 mchana watu wamelala au wako barabarani. Waje saa 12 asubuhi, benchi lipo na chai nitawapa bure.

Mama lishe, Mbagala